Dabo Kebini Yenye Ukuta

Mzee Salum anasema mtu hustaafu mara nyingi maishani, na mara ya kwanza ni pale anapoiacha meza aliyojifunzia kazi. Kwa hesabu yake mimi nimestaafu Ijumaa iliyopita, ingawa mlinzi wa benki bado huniuliza nimemsindikiza nani. Naenda kufungua ofisi yangu ndogo Kyimo. Kabla sijaondoka ameniagiza niwaandikie ninyi wawili mtakaokaa kwenye meza hii ya ushauri wa kodi, hapa Tukuyu, juu ya duka la vitenge. Amesema nisiandike vyeo wala mshahara. Haikuwa shida. Cheo kilikuwa kimoja, na mshahara mtauona wenyewe.

Niliingia kazini siku ya mvua, jambo ambalo kwa Tukuyu haliitofautishi siku hiyo na nyingine. Nilikuwa na shahada ya uhasibu, sheria ya kodi niliyoichapa na kuifunga kwa plastiki isilowe, na hofu ya kila kitu, kuanzia ngazi za ofisi hadi namna ya kumsalimia bosi Mwislamu wakati wa mfungo, ingawa haukuwa wakati wa mfungo. Nikasema shikamoo mara mbili. Mzee Salum akaitikia zote mbili, akafungua droo ya chini, akanipa futikamba ya fundi seremala na mabuti ya mvua.

"Ya nini, Mzee?"

"Ya kazi. Kalamu unayo?"

"Ninazo sita."

"Moja inatosha."

Nilidhani tunakwenda kupima kiwanja. Tulikwenda sokoni, pale magari yanaposhusha ndizi, naye akaniamuru nipime bodi ya pikapu moja, urefu na upana, kisha niingie ndani nihesabu viti. Wapagazi wakacheka. Mmoja akauliza kama tunataka kulishonea gari suti. Mzee Salum hakucheka.

"Binti, mtu akikuambia amenunua gari la kazi, usimsikilize. Lipime. Sheria inauliza gari limetengenezwa kubeba nini, halafu linatumika vipi. Haiulizi mwenye gari anajisikiaje."

Somo hilo nimelitumia kila wiki, kwa sababu swali litakalowaletea wateja wengi kuliko yote hapa ni moja: ninunue gari gani kwa jina la kampuni, ambalo litafanya kazi na litabeba familia yangu? Kila mtu hulileta kwa maneno yake, na kila mtu hutamani jibu liwe shangingi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi kutoka Msasani, ile ya hapa Tukuyu, si ya Dar. Yeye hakuja kuuliza, alikuja na shangingi tayari, limeandikishwa kwa jina la kampuni, na viti vyake vilikuwa bado na nailoni ya kiwandani. Ilinibidi nimweleze mambo matatu. La kwanza: gari la kubebea watu namna ile lina kikomo cha gharama kinachotambuliwa kwenye punguzo la uchakavu, na kwa gharama iliyozidi hapo kampuni haipati punguzo. La pili: VAT aliyolipia wakati wa kununua hairudi, kwa kuwa ni gari la abiria na biashara yake si ya kusafirisha abiria wala kukodisha magari. La tatu ndilo lililomsimamisha. Kwa kuwa gari la kampuni linalala nyumbani kwake na kwenda harusini, faida hiyo inahesabiwa kama sehemu ya kipato chake, kwa kuangalia ukubwa wa injini na umri wa gari.

"Yaani gari langu mwenyewe," alisema, "nilipe kodi kwa kulipanda?"

"Si lako," Mzee Salum alijibu kutoka meza yake, bila kuinua kichwa. "Umetuambia ni la kampuni."

Aliketi tena, akauliza kama aking'oa viti viwili gari litakuwa la mizigo. Kuna siku nitasahau majina ya wateja, lakini swali hilo sitalisahau. Kung'oa viti hakulifanyi shangingi liwe lori, kama kuvua koti kusivyomfanya mwalimu awe mkulima.

Baada ya hapo nikatengeneza jedwali langu kwenye kompyuta. Upande mmoja aina za magari: shangingi, gari la familia la viti saba, kirikuu, kile kipikapu kidogo, pikapu ya kebini moja, na dabo kebini yenye safu mbili za viti. Upande mwingine kila kinachoweza kuharibika: kodi, ushuru wa ziada wa gari lililozeeka kabla ya kuingia nchini, utelezi wa barabara ya Kisondela, bei ya matairi, wivu wa mashemeji. Jedwali likawa refu mno. Mzee Salum alilikagua akiwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Umesahau mlima Rungwe kulipuka," alisema.

"Uko ukurasa wa pili, Mzee."

Akafunua ukurasa wa pili. Ulikuwepo. Akavua miwani yote miwili, akaniambia nikanywe chai.

Kisha akaja Mama Atupele.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kampuni ndogo ya kukusanya maparachichi Kisondela na kuyaleta mjini kwa wanunuzi. Hesabu zake zilikuwa safi kiasi kwamba nilitafuta kosa kwa siku nzima, na nilipolikosa nikaogopa zaidi. Kampuni ilikuwa imesajiliwa kwenye VAT, mwenye lori alilokuwa akilikodi alikuwa ameliuza, na msimu ulikuwa unakaribia. Aliweka pochi mezani, akasema anachotaka kama mtu anayeagiza chakula.

"Nataka gari moja. Libebe kreti, linibebe mimi, na limbebe yule mzee wa Kisondela kwenda kliniki. Ila mimi na yeye tusionane."

"Mmegombana?" nikauliza.

Alinitazama kama vile nimemuuliza kama amegombana na kanisa.

"Ni baba mkwe."

Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya mjini, na haya nilikuwa nayajua kwa kusimuliwa tu. Kwa wazee wetu, mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hali chakula naye, hazungumzi naye, halitaji jina lake, na akimwona njiani huingia kwenye migomba mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi wakwe wengi wanasalimiana na kupiga picha pamoja kwenye ubatizo, lakini Mzee Ambakisye, ambaye ndiye huyo baba mkwe, na Mama Atupele walikuwa wameishika heshima hiyo tangu siku ya harusi. Mama Atupele aliishi Msasani, mzee akabaki Kisondela. Kila siku alimpelekea chakula kwa mkono wa jirani, na hakuwa amewahi kuutazama uso wake.

Sasa mzee alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona kwa sababu ya sukari. Alikuwa amekosa kliniki mara kadhaa kwa kuwa bodaboda ilimtonesha. Daktari alikuwa ametuma neno: akiendelea kukosa, mguu utakatwa. Mume wa Mama Atupele alikuwa kazini Mtwara. Na mzee hakuweza kupelekwa na dereva peke yake, maana akiulizwa habari za kidonda alijibu habari za ng'ombe. Lazima mtu wa pili awepo, aingie kwa daktari baada ya mzee kutoka, asikie ukweli na kubeba maelekezo ya dawa. Mtu huyo alikuwa mkamwana wake. Na asubuhi zile zile za kliniki ndizo za kupima maparachichi, kazi ambayo hakumwachia mtu.

"Nunueni magari mawili," nilisema.

"Ningekuwa na ya mawili ningekuja kwako?"

Nilikwenda kwenye jedwali. Kwa upande wa kodi, kirikuu kilishinda kwa mbali: gari la mizigo tupu, hakuna wa kulibishia. Lakini kebini yake ni moja, watu wanabanana bega kwa bega. Mama Atupele alisema hilo halina tatizo, mzee atakaa mbele na dereva, yeye atakaa nyuma na kreti. Mzee Salum akasema tukamuulize mwenyewe. "Usimchagulie mtu gari bila kumwona akipanda," alisema, akachukua futikamba.

Tulikodi dabo kebini ya jirani, tukaenda Kisondela mimi, yeye, na Ipyana, dereva wa Mama Atupele, kijana mwenye maneno mengi kuliko kituo cha redio. Mzee Ambakisye alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya kigoda. Tulimsalimia, Ipyana akaeleza habari ya kirikuu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama huyo," alisema, "ndiye anayenilisha. Leo mnataka akae nyuma na mizigo kama mbuzi wa mnadani, halafu mimi niketi mbele nimekunja mikono? Nani amefikiri jambo hili?"

Ipyana alininyooshea kidole bila huruma.

"Basi nitakaa mimi nyuma," mzee akasema.

"Mzee, hilo halitawezekana," Ipyana akasema. "Watu watanipiga mawe mpaka Kyimo."

Nikataja dabo kebini: mzee mbele, mkamwana kiti cha nyuma, pazia katikati. Nilikuwa nimeshafikiria mpaka rangi ya pazia. Mzee akaomba aone. Akachechemea hadi kwenye gari tulilokuja nalo, akaingia mbele upande wa kushoto, akaketi, akatazama juu.

"Na hiki?"

Kilikuwa kioo cha dereva cha kutazamia nyuma. Ndani yake niliuona uso wangu mwenyewe, niliyekuwa nimekaa kiti cha nyuma kwa mfano, mdomo wazi.

"Pazia likipeperuka tukiingia shimoni," alisema mzee, "nitamwona. Au niende kliniki nimefumba macho? Nikifumba macho watasema nimekufa, wataanza kulia."

Kwenye jedwali langu sikuwa nimeandika kioo. Mzee Salum naye alikuwa ameshafungua mlango, anapima kutoka sakafu hadi dari ya kebini, nyuma kidogo ya viti vya mbele.

"Ukuta," alisema. "Wa mbao na sponji, umefungwa kwa bolti. Dereva atumie vioo vya pembeni, kama wenye malori."

Mzee Ambakisye akafikiri. "Ukuta si pazia," alikubali. "Ukuta ni nyumba."

Wote walifurahi isipokuwa mimi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu. Dabo kebini iko katikati: ina viti kama gari la familia na bodi kama la mizigo. Tukiongeza ukuta, je, tumeligeuza? Afisa atasema tumejenga chumba cha wageni? Na mkwe akiwa upande wa pili wa ukuta, ni abiria au ni nini?

"Mkwe si mzigo," alisema Mzee Salum. "Hilo usiliandike popote."

Kisha akaniambia neno ambalo nimelibandika ukutani juu ya meza yenu: uliza kabla ya kununua, ukishanunua huulizi tena, unaomba.

Basi tukauliza. Niliandika maelezo ya gari tulilolikusudia, uzito linaobeba, vipimo vya bodi, ukuta utakavyokaa, na safari zake zote, za maparachichi na za kliniki. Nilipomsomea Mama Atupele, aliniuliza kwa nini nataja kliniki. Nilimweleza kuwa safari hizo ni za familia, na gari la kampuni likitumika kwa familia faida yake inaingizwa kwenye kipato chake kama mkurugenzi anayelipwa. Ndiyo maana nilikataa injini kubwa aliyoitaka Ipyana, ile "yenye sauti ya kiume". Injini ndogo, mzigo mdogo wa kodi, kila kitu mezani. Akafikiri. "Siwezi kumficha mzee kwa serikali," alisema, "nimeshamficha kwangu mwenyewe vya kutosha."

Afisa wa kodi alikuja kuliona gari kwenye uwanja wa muuzaji, fundi wa ukuta akiwa na michoro yake. Alikuwa kijana wa kutoka kanda ya ziwa, mpole, na alipouona mchoro wa ukuta akakunja uso.

"Huu ukuta ni wa nini?"

Nilianza kueleza. Nilianzia mbali, kwenye mila, nikapita kwenye sukari, nikawa nakaribia kioo, Mama Atupele akanigusa mkono.

"Ni kwa ajili ya mkwe wangu," alisema.

"Mnamwogopa?"

"Tunamheshimu," alisema Ipyana. "Kule kwenu mkwe mnakaa naye sofa moja?"

"Tunakaa."

"Poleni."

Afisa akacheka, lakini akarudi kwenye kazi. Aliomba futikamba. Nilikuwa nayo mkononi kabla hajamaliza neno. Alipima bodi, akasoma kibao cha uzito, akahesabu viti.

"Ukuta unaongeza kiti?"

"Hapana."

"Unapunguza nafasi ya mzigo?"

"Hapana."

"Gari hili linabeba zaidi ya nusu tani, na kazi yake kuu ni maparachichi. Ni gari la mizigo." Akakunja futikamba, akanirudishia. "Ukuta wenu ni wenu. Askari wa usalama barabarani nao waukague kabla gari halijaanza safari."

Niliomba aandike. Akaandika. Niliomba agonge muhuri. Akasema muhuri uko ofisini. Nikamfuata ofisini.

Sikilizeni, ninyi wawili: bajeti ikibadilika, sheria hubadilika, na hiki nilichokishinda siku ile kinaweza kisiwe hivyo mtakapokuwa mnasoma. Someni upya kila mwaka. Lakini siku ile niliteremka ngazi za ofisi ya kodi nikiwa nimeinua karatasi ile kama kombe, na bodaboda watatu wakanipigia honi bila kujua wanashangilia nini.

Fundi alikaza ukuta, akauvika kitambaa cha kahawia. Askari walilikagua gari, wakautikisa ukuta, wakaupitisha. Tukaweka sheria: mkamwana mlango wa kulia nyuma ya dereva, mzee mlango wa kushoto mbele, na anatangulia kupanda. Asubuhi ya kwanza Ipyana alinisimulia huku akishika mbavu. Mzee alikaa, akapapasa ukuta, kisha akasema, "Mwambie huyo mama wa nyuma afunge mkanda."

"Mama, mzee anasema ufunge mkanda."

"Nimesikia. Mwambie nimefunga. Muulize kama amekunywa dawa."

"Mzee, mama anauliza..."

"Nina masikio. Mwambie nimekunywa."

"Mama, mzee..."

"Ipyana, nimesikia."

Wakaenda hivyo hadi Tukuyu, kreti nyuma, watu wawili waliosikia kila kitu, na dereva akifanya kazi ya posta. Mzee hakukosa kliniki tena.

Msimu ulipokuwa ukingoni nilipanda gari lile mwenyewe, nikakaa nyuma na Mama Atupele. Nilitaka kuona matumizi yake kwa macho kabla ya kufunga hesabu za mwaka, maana nilikuwa nimeanza kuota kuwa afisa amebadili mawazo. Tulikuwa tunarudi Kisondela kutoka kliniki. Mama Atupele alikuwa ameingia kwa daktari baada ya mzee, na alipotoka alipanda garini akafunga mkanda, na mimi sikuthubutu kuuliza. Kwenye kilima chenye utelezi bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi ilikuwa imelala katikati ya njia. Ipyana akateremka kusaidia kuisukuma.

Tukabaki watatu, na postamasta hayupo.

Mbele, mzee akakohoa.

"Daktari amesema kidonda kimefunga," alisema. "Mguu haukatwi. Nasema tu. Sisemi na mtu."

Mama Atupele aligeukia dirishani. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge.

"Nilikuwa najua," aliliambia dirisha. "Nami nasema tu."

"Gari hili," mzee akaendelea kukiambia kioo cha mbele, "lilichaguliwa na mtu mwenye wasiwasi mwingi. Watu wa namna hiyo wapewe magari yote wachague."

Mimi nilitoa kalamu, nikajifanya naandika.

Kisha tukasikia mzee akigonga ukuta kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango asiotarajia kuuingia. Mama Atupele akautazama ukuta, akainua mkono, akagonga pia.

"Ndaga fijo," ilisema sauti ya upande ule. Asante sana.

Ipyana akafungua mlango, matope hadi magotini. "Kuna mtu kaniita?"

"Endesha," walisema wote wawili, kwa pamoja.